Mkono wa Mrefu

Kama ulitaka kugombana na Metroni, hukuhitaji kumtukana. Ulihitaji tu kubisha mlangoni kwake ukiwa umeshika kichupa cha gundi. Mimi nilifanya hivyo nilipokuwa bado mgeni kwenye ploti ile ya nyumba za kupanga, mtaa wa Kamenu. Nilikuwa nimeona kupitia dirishani kwamba lile jitu lake kubwa la plastiki lilikuwa na mkono mmoja uliokatika kwenye kiwiko, nikadhani ujirani mwema ni kumsaidia. Alikitazama kichupa changu kwa muda kabla ya kunitazama mimi.

"Baba Wanja, hiyo gundi ni ya viatu ama ni ya nini?"

"Ni ya kila kitu, Metroni."

"Basi pelekea kila kitu. Kwangu hakuna kitu inagandishwa. Mkono ukigandishwa si mkono tena, ni tawi."

Halafu akanikaribisha chai. Ndivyo alivyokuwa. Alikukaripia kwanza, na ulipokuwa bado unatafuta mahali pa kuficha uso, ulikuta kikombe kimeshajaa.

Tulimwita Metroni kwa sababu alikuwa amefanya kazi hiyo miaka mingi katika shule ya bweni ya wasichana, akiwaamsha, akiwafulisha sare na kuwapima joto, na kwa sababu alipostaafu hakuna aliyemwambia kwamba kazi imekwisha. Saa ya kulala ikifika alipita kwenye korido ya ploti akigonga milango yenye televisheni za kelele. Mtoto akikohoa nyumba ya tatu, yeye ndiye aliyesikia kwanza. Mambo ya alikozaliwa na nani ni ndugu ya nani sitayagusa. Sikuwahi kumwuliza, na angeniambia nikaulize kwa chifu.

Sasa niyaeleze hayo majitu, maana asiyeyajua atadhani ninazungumzia midoli ya kukumbatia. Watoto wa ploti waliyaita maroboti. Ni yale makubwa ya kuundwa, yanayokuja vipande vipande. Unaanza na mifupa, unaunganisha viungo, vidude vya duara vinavyoingia kwenye vikombe vyake kwa mlio mdogo, tok, kisha unavalisha maganda ya kifua, mapaja na mabega. Ukimaliza unapata mtu wa plastiki wa kukufika gotini, anayekunja kiwiko, kugeuza shingo na kupiga magoti. Kwenye maduka makubwa yanauzwa ndani ya boksi, na karatasi ya kuonyesha kipande kipi kinaenda wapi. Metroni hakuwahi kununua la boksi.

"La boksi halina shida," alisema. "Kitu haina shida, utaipendea nini?"

Yake yote yalitoka kwenye mitumba, kule Githurai 45. Watoto wa ng'ambo wakikua, mama zao hutupa vitu vyao magunia kwa magunia, na magunia hayo hutufikia. Lakini jitu haliji zima. Kichwa kinakuja leo, mguu unakuja baada ya mvua, na kifua pengine kilikwenda soko la mji mwingine kabisa. Metroni alikuwa na subira ya kungojea yote hayo. Mtu ambaye hakuweza kungoja maziwa yachemke bila kupiga sufuria kwa mwiko aliweza kungoja goti la plastiki mwaka mzima.

Jinsi alivyoanza, mimi sijui. Mara aliniambia la kwanza alilikuta kwenye boksi la msaada lililoletwa shuleni. Mara alimwambia mke wangu kwamba alimnunulia mtoto wa ndugu yake, mtoto akalikataa. Mama wa kibanda cha mboga aliambiwa jambo lingine. Nilipomshika kwa hizo hadithi zake, alicheka mpaka akavua miwani.

Alikuwa na masharti kuhusu jitu la kuwekwa nyumbani, na aliyatoa kama sheria za bweni. La kwanza, asimame mwenyewe. "Ukimwegemeza ukuta hujapata jitu, umepata mgonjwa." La pili, awe mkubwa wa kuonekana kutoka mlangoni. Hili nilimpinga. Nilimwambia madogo yanatosha kwenye kabati na hayashiki vumbi jingi. Akanijibu kwa sauti ya chini, ambayo hakuitumia mara nyingi, "Wewe ukifungua mlango jioni unapata Wanja na mama yake. Mimi nikifungua nataka kuona uso. Sitaki kuanza kuutafuta." Sikumpinga tena juu ya hilo.

La tatu, aweze kubomolewa. Watoto wa ploti aliwaruhusu kubomoa chochote, mradi wakirudishe kabla ya chakula cha jioni. Yale ya kuumbwa kipande kimoja, hata yawe mazuri namna gani, hakuyataka, kwa sababu likivunjika limevunjika. Jitu la kuundwa linaweza kutibiwa. Na yeye alitibu kweli. Siku za matibabu alitandika taulo mezani, akaleta beseni la maji moto, akaloweka kiungo kilichokuwa kigumu mpaka plastiki ikalegea na duara likaingia bila kupasua kikombe. Kiungo kilicholegea mno alikipaka kutex ya kucha isiyo na rangi, akaacha ikauke, kikakaza. Muuza vipodozi wa hapo mtaani alidhani Metroni amepata mchumba uzeeni.

Na alipenda alama. Mimi ninauza vipuri vya pikipiki mjini Thika, na katika kazi yangu kipuri chenye mkwaruzo kinashuka bei. Kwa Metroni kilipanda cheo. Kulikuwa na moja lenye alama za meno ya mtoto kwenye bega, na lingine lenye jina chini ya wayo, limeandikwa kwa kalamu ya wino, herufi zimepinda. Alipoliosha kwa mswaki na sabuni aliuzunguka wayo ule asiuguse.

"Huyu mtoto saa hii ni mtu mzima," alisema. "Pengine huuliza mama yake, jitu langu lilienda wapi? Na mama hajui. Kumbe liko Thika, linakaa vizuri."

Alikuwa akicheka aliposema hivyo, lakini nilimwona akilishika lile jitu kwa mikono miwili muda mrefu kuliko kuosha kulivyohitaji.

Si kila mtu aliyependezwa. Akina mama wa kanisani walikuwa na kawaida ya kuombea nyumba za wanachama kwa zamu, Alhamisi hii kwako, ijayo kwangu, na mwenye nyumba anapika chai. Zamu ya Metroni ilipofika waliingia wakayakuta majitu yamejipanga ukutani. Mwenyekiti wao, mama mmoja mwenye kofia na sauti kubwa, akasimama katikati ya sebule.

"Metroni, hizi sanamu zitatuangalia tukiomba?"

Metroni akainuka, akaenda kwa moja baada ya lingine, akayakunja magoti na kuyainamisha vichwa. Kisha akaketi. "Haya. Hawa washapiga magoti. Tunangoja nyinyi."

Mke wangu alikuwepo, ndiye aliyenisimulia huku akijifuta machozi ya kicheko. Wengine walicheka, wengine walishika mikoba yao. Lakini zamu ilipozunguka tena, nyumba ya Metroni ilirukwa. Alhamisi ile alikuwa amechemsha birika kubwa na kukaanga mandazi ya kutosha watu wengi, na ilipofika saa kumi na moja akagonga kwetu. "Kujeni mnisaidie na hii chai, itapoa." Tulikunywa. Alizungumza bila kukoma kuhusu bei ya nyanya, na kila mlango wa nje ulipolia aliinua kichwa, akasikiliza, kisha akaendelea.

Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba Metroni alipenda plastiki kuliko watu. Nimeyasikia hayo. Alipenda watu mno, tatizo lilikuwa kwamba watu huja wanapougua na kuondoka wanapopona, na yeye alikuwa amefanya kazi hiyo maisha yake yote. Wasichana wake wa bwenini, ambao sasa ni wake za watu na wakubwa wa maofisi, walikuja ploti na magari yao mwanzoni, kisha wakaanza kupiga simu, kisha simu zikabaki za sikukuu. "Simu ni ya kuitia daktari," alisema. "Mtu mzima anatembelewa."

Nirudi kwa lile jitu tulilomwita Mrefu. Ndiye aliyekuwa na mkono uliokatika, ndiye aliyeniponza na gundi yangu. Alikuwa wa kijani na mweusi, kijani kilichochakaa kwa jua la dirisha la mtu mwingine, na alinifika kiunoni. Hakuna jitu lingine la Metroni lililomkaribia kwa kimo. Alikuwa amepatikana kidogo kidogo, kifua kwanza, kisha miguu, kisha kichwa chenye macho ya rangi ya chungwa, kisha mkono wa kushoto mzima. Wa kulia ulifika mpaka kwenye kiwiko, ukaishia hapo. Chini ya kiwiko hakukuwa na kitu.

Mkono huo ulikuwa ndio haja yake kuu, na ukawa yangu pia. Ilikuwa suala la heshima. Wateja wangu nimewaambia miaka yote kwamba hakuna kipuri kisichopatikana, ni uvivu tu wa kutafuta. Siwezi kusema hivyo mchana dukani kisha jioni nipite mbele ya kilema wa kijani.

Jumamosi nyingi tulishuka naye Githurai. Alichomoa ule mkono nusu, akaufunga kwenye leso na kuutia mkobani, ili tukipata kipande tukijaribu papo hapo. Sokoni kulikuwa na Mama Terry, muuzaji wa midoli ya mitumba, aliyemwaga mali yake kwenye turubai. Mtumba mpya ukifunguliwa, wanaochagua kwanza kabla ya umma husemwa wamepiga kamera, na haki hiyo hununuliwa. Metroni alipewa bure.

"Haiya! Cucu wa mikono amefika!" Mama Terry alipaza sauti, akimwita nyanya kwa Kikuyu. "Wapisheni apige kamera, nyinyi mnashikashika tu!"

"Uko aje, Mama Terry. Umeniwekea?"

"Cucu, miguu iko, vichwa ziko. Mkono ya kijani, apana. Si ubebe tu hii miguu?"

"Miguu nitapeleka wapi? Huyu wangu anasimama vizuri kukuliko."

Wakati mmoja nilikwenda peke yangu, nikauona mkono wa kijani, kijani kilekile, na kiwiko chake kikawa saizi. Niliununua na kurudi Thika nikiringa kama nimemleta daktari. Metroni aliujaribu, ukaingia, tok. Akarudi nyuma, akatazama, akaanza kutikisika mabega kwa kicheko.

"Baba Wanja. Angalia kidole gumba."

Ulikuwa wa kushoto. Mrefu sasa alikuwa na mikono miwili ya kushoto. Alimwacha hivyo kwa siku chache kwa heshima yangu, kisha akautoa. Alisema ameona haya kwa niaba yake, maana hata kupiga makofi hawezi.

Halafu miguu yake mwenyewe ikaanza kukataa. Alianguka kwenye simenti yenye maji karibu na bafu la nje, akalala wiki kadhaa, na alipoamka hakuwa yule wa kugonga milango. Binti ya ndugu yake, anayekaa Gitothua kule Ruiru, akaja na pikapu kumchukua. Ni mama mzuri, sina neno baya juu yake. Lakini siku ile niliichukia pikapu yake, nikakaa nikitazama magurudumu yake, nikitafuta kasoro.

Majitu yaliingia kwenye sanduku la chuma, lile la wanafunzi wa bweni, yamebomolewa na kupangwa. Mrefu hakuingia. Metroni aliketi kwenye kigoda uani, tukiwa tumemzunguka kumuaga, akaanza kumchomoa kiungo baada ya kiungo. Mguu mmoja alimpa kea-teka, mtunzaji wa ploti. Wa pili alimpa mama wa kibanda cha mboga. Mkono wa kushoto alimpa mmoja wa wasichana wake wa zamani, aliyekuja na viatu virefu na kulia waziwazi. Kichwa alimpa mwenyekiti wa akina mama wa kanisani. Ndiyo, alikuja. Alikipokea kwa mikono miwili, hajui akiweke wapi, na kofia yake ikapinda.

Mimi nilipewa ile nusu ya mkono, ndani ya leso yake.

"Si zawadi," alituambia. "Msije mkasema Metroni amegawa mali. Hii ni ya kurudishwa. Mkikuja kuniona Ruiru, kila mtu akuje na kipande yake."

"Wiki ijayo tu, Metroni!" tulisema. Tulicheka, tukapunga mikono. Alibaki na kifua peke yake, amekipakata kwenye kiti cha mbele cha pikapu.

Ruiru si mbali na Thika. Nadhani hilo ndilo lililotuharibia. Safari ya mbali mtu huipangia nauli na siku, lakini ya karibu huiambia kesho. Nilikuwa nikimpigia simu, akinijibu kwa ufupi, naye kila mara aliuliza kama tumeshaonana na wenzangu wenye vipande. Ile nusu ya mkono niliiweka kwenye droo ya duka pamoja na brekipedi. Kila nilipoifungua niliisikia sauti yake ikiniuliza gundi hii ni ya nini, na nikatamani kukaripiwa. Sikujua kwamba mtu anaweza kutamani hilo. Mpangaji mpya aliyeingia kwake ana televisheni kubwa, na hakuna anayemgongea.

Mwezi uliopita nilishuka Githurai kumnunulia Wanja viatu vya shule, na nikaichukua ile leso. Sikuwa na matumaini yoyote, niliichukua kwa mazoea tu.

"Yule cucu wa mikono alienda wapi?" Mama Terry aliniuliza kabla ya salamu.

"Alihamia Ruiru. Uko na mkono?"

"Ya kijani, bado."

Nikachutama, nikaanza kuchakura kama tulivyofanya zamani. Kando ya turubai kulikuwa na kipande kizito cha rangi ya chungwa, kiganja kikubwa kuliko kawaida. Sijui kwa nini nilikiokota. Labda ni ile rangi, maana ilikuwa rangi ya macho yake. Nikafungua leso, nikasukuma. Tok. Kidole gumba kilikaa upande wake. Na pembeni ya kiwiko, mfereji mwembamba uliochongwa kwenye plastiki ya nusu yangu uliendelea kwenye kile kipande bila kukatika, mpaka kwenye kiganja.

"Hiyo?" Mama Terry akasema. "Hiyo imekaa hapa kitambo. Watu hawaitaki, haifanani na kitu."

Miaka yote ile tulikuwa tukitafuta mkono wa kijani. Mrefu hakuundwa awe na mikono ya kufanana.

Viatu sikununua siku hiyo. Nilinunua maziwa, sukari na mkate, nikapanda matatu ya Ruiru, nikaulizia mpaka nikafika Gitothua. Binti ya ndugu yake alinifungulia mlango akiwa na unga mikononi.

"Ni Baba Wanja wa Kamenu? Karibu, karibu. Tata ako. Leo ameamka vizuri," akasema, akimaanisha shangazi yake.

Metroni alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, amepungua, shingo imekuwa nyembamba ndani ya sweta. Kwenye rafu, kati ya thamosi na picha za watoto wa watu, kilikuwepo kifua cha Mrefu, bila kichwa, bila miguu. Kimefutwa vumbi. Alinitazama, kisha akatazama nyuma yangu, mlangoni, akangoja.

"Umekuja peke yako?"

"Nimekuja peke yangu, Metroni."

"Wengine?"

"Watakuja."

"Hata kichwa haijakuja," akasema. "Nilifikiria yule wa kofia atakuwa wa kwanza. Yeye hapendi kukaa na vitu vya wenyewe."

Nikafungua leso juu ya mapaja yake. Akaufuata ule mfereji kwa kidole, kutoka juu ya kiwiko mpaka kwenye kiganja, akarudi tena juu.

"Rangi ya chungwa," akasema. "Ngai. Na tulikuwa tunaikanyaga."

Aliitisha maji moto, na yakaletwa kwenye bakuli. Akaloweka bega, akajaribu kulisukuma ndani ya kifua, vidole vikateleza. Nilinyoosha mkono nimsaidie, akaupiga kofi dogo. Akajaribu tena. Kisha bila kunitazama akasema, "Haya, weka yako juu ya yangu." Tukasukuma pamoja. Tok.

Kilikuwa kitu cha ajabu kutazama, kifua chenye mkono mmoja. Yule aliyekosa mkono huo tu sasa hakuwa na kingine. Metroni alikikalisha mapajani, akakunjua kiwiko, akakishika kile kiganja cha rangi ya chungwa kwa kiganja chake, akakitikisa.

"Habari ya siku mingi," akamwambia.

Nililia, na sioni sababu ya kuficha. Alinipa ile leso.

Tulikunywa chai, akanikaripia kuhusu viatu vya Wanja, akataka kujua nani anakaa nyumba yake na kama anazima taa. Nilipoinuka kuondoka aliniagiza nimrudishe Mrefu kwenye rafu. Nikamweka. Akasema hapana, si hivyo, mgeuze. Nikamgeuza, mkono ukiwa umenyooka mbele, kiganja wazi, ukielekea mlangoni, tulikoingilia mimi na maziwa yangu.

Nikamuaga, nikatoka, nikashika kitasa nifunge.

"Wewe Baba Wanja," aliniita kwa ile sauti ya korido. "Acha huo mlango. Kuna watu wanakuja."

Nikauacha wazi.